Mama anakwenda Ujerumani kumwona mjukuu: aanze na lipi?

SWALI: Naandika kutoka Moshi. Nina miaka 58 na sijawahi kupanda ndege. Binti yangu amejifungua huko Leipzig, Ujerumani, na visa ya kwenda kumlea mzazi nimeshapata, ni mwezi wa Desemba. Nitapitia Addis Ababa, nitashuka Frankfurt asubuhi, halafu nipande treni peke yangu hadi Leipzig, maana mkwe atakuwa kazini na mzazi hawezi kutoka na mtoto kwenye baridi. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, Kijerumani sijui hata neno. Naogopa kupotea na naogopa kuwaaibisha watoto. Nianze na lipi?

JIBU: Shikamoo mama, na hongera sana kwa mjukuu.

Nimeishi Ujerumani miaka 14, na wazazi wa rika lako niliowapokea au kuwaelekeza kwa simu ni wengi. Wengi wao walikwama kwa sababu moja, na haikuwa lugha. Huku kwetu safari huendeshwa kwa mdomo. Ukifika stendi ya Moshi, kabla hujauliza mtu ameshakuuliza unakwenda wapi. Konda anaita, mpiga debe anakushika begi, jirani wa kiti anakuambia ulipofika. Ujerumani safari huendeshwa kwa maandishi. Saa, jukwaa, namba ya treni, behewa, kiti, yote yameandikwa mahali, na hakuna atakayekuita. Mgeni anayesubiri kuitwa anaachwa. Si kwamba watu ni wabaya. Ukimuuliza mtu atakujibu, mara nyingi atakusindikiza hadi mlangoni. Ila kuanza haanzi yeye.

Kwa hiyo maneno yangu mengi hapa yatahusu kusoma: usome nini, wapi, na kabla ya nini. Na Kijerumani usiseme hujui hata neno. Shule tunayoiita shule ni neno lao, wao huandika Schule, na hela ilitokana na Heller, sarafu iliyotumika wakati wa utawala wao.

Anza na visa yako leo, kabla hujapanga nguo. Fungua ukurasa wenye stika. Utaona tarehe mbili, "vom" ni kuanzia na "bis" ni hadi, na pembeni namba ya siku na neno "Tage". Watu huangalia tarehe ya mwisho wakadhani ndiyo ruhusa yao. Sivyo. Tarehe hizo ni dirisha la kuingilia na kutokea. Ruhusa ya kukaa ni zile siku. Kama umeandikiwa siku 60, hata dirisha likiwa la siku 75, unakaa 60, na siku unayotua inahesabiwa, siku unayoondoka inahesabiwa. Hesabu kwa vidole ukiwa na tiketi ya kurudi mkononi. Mzee mmoja niliyekuwa namsaidia alizidisha siku 6 kwa kosa hilo hilo, akahojiwa kiwanjani wakati wa kuondoka, na bado jambo hilo linamuumiza kichwa kila anapotaka kuomba visa nyingine.

Kwenye mkoba wa mkononi weka pasipoti, tiketi ya kurudi, karatasi ya bima ya matibabu, barua ya mwaliko, na anwani ya binti yako pamoja na namba yake ya simu vikiwa vimeandikwa kwa kalamu. Usivitie kwenye sanduku kubwa, maana sanduku utalikuta baada ya uhamiaji na karatasi zinatakiwa kabla. Na usitegemee simu. Simu huzima chaji, na chaja yetu ya pini tatu haiingii kwenye ukuta wa Mjerumani. Nunua adapta ya pini mbili za mviringo kabisa kabla ya kuondoka.

Sasa chakula, maana najua unachofikiria. Umepanga kumpelekea mzazi mtori.

Mama, nyama usibebe. Iwe mbichi, iwe ya kukausha, iwe kuku wa kienyeji uliyemkaanga usiku ule kwa mikono yako, nyama ya msafiri kutoka nchi zetu hairuhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya. Maziwa ya mgando, samli na jibini vilevile. Ukikamatwa navyo vinatupwa mbele ya macho yako, na kama hukuvitaja unaweza kutozwa faini. Lakini sikiliza habari njema: ndizi zinaruhusiwa. Matunda na mboga mbichi kutoka nje huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda 5 tu, nayo ni ndizi, nanasi, nazi, tende na doriani. Kwa hiyo mshare zako za mtori zitafika. Zifunge kwenye gazeti na mfuko, usizifunge kwa majani ya mgomba, kwa sababu ruhusa ni ya tunda na jani halimo. Embe, parachichi, pilipili mbichi na mchicha acha nyumbani. Samaki wa kukaushwa, dagaa wakiwemo, wanaruhusiwa mradi mzigo wote wa samaki usizidi kilo 20 kwa mtu. Asali usizidishe kilo 2. Unga wa ulezi wa uji wa mzazi hauna tatizo, ila uwe kwenye pakiti ya dukani yenye maandishi, usiwe kwenye mfuko mweupe ambao afisa wa forodha ataanza kuutilia shaka. Nyama ya mtori mtanunua Leipzig. Mwambie mkwe aombe ng'ombe wa supu mwenye mfupa, kwao huitwa "Suppenfleisch". Nimeupika mara nyingi hivyo, na mtori ni mtori.

Frankfurt utafika umechoka. Ukitoka kwenye ndege fuata watu, lakini kwenye uhamiaji usifuate mstari wa watu wenye pasipoti za Ulaya. Wako umeandikwa "All Passports". Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, zilianza kuwaandikisha wageni kwa kompyuta badala ya kugonga muhuri tu, hivyo utapigwa picha ya uso na foleni inaweza kwenda taratibu. Afisa atakuuliza unakwenda kwa nani na utakaa muda gani. Jibu fupi linatosha: "My daughter, Leipzig, baby", kisha mpe karatasi zako. Usicheke kwa woga wala usimweleze habari nyingi. Ukishachukua sanduku utakuta milango miwili ya forodha, kijani na nyekundu. Kijani ni ya asiye na cha kutaja. Kwa ndizi na dagaa wa kiasi nilichosema pita kijani, ila akikusimamisha mtu fungua sanduku bila ugomvi.

Kuhusu treni ndipo ningependa utulie usome mara mbili.

Kiwanja cha Frankfurt kina stesheni mbili. Moja imeandikwa "Regionalbahnhof", ya treni za karibu. Yako ni nyingine, "Fernbahnhof", ya treni za mbali, na njia ya kwenda huko ipo kwa miguu kutoka Terminal 1, yaani jengo la abiria namba 1. Fuata alama yenye picha ya treni na neno hilo. Kama ndege yako itakushusha Terminal nyingine, kuna usafiri wa bure wa kukuleta Terminal 1.

Tiketi akukatie binti yako mapema, lakini mwambie mambo matatu. La kwanza, akukatie treni ya moja kwa moja isiyo na kubadilisha, maana zipo. La pili, asikukatie ile ya bei rahisi sana inayoitwa "Sparpreis". Tiketi hiyo imefungwa kwenye treni moja tu. Foleni ya uhamiaji ikikuchelewesha ukapanda inayofuata, unahesabika huna tiketi. Akate "Flexpreis", ni ghali zaidi lakini unapanda treni yoyote ya siku hiyo kwenye njia yako. Kwa mama anayetoka kwenye ndege, hiyo tofauti ya bei ndiyo amani yake. La tatu, akulipie na kiti, kwa sababu tiketi yao ya kawaida hainunui kiti. Watu wanasimama saa 3 wakiwa na tiketi halali.

Kwenye karatasi ya tiketi tafuta vitu vinne tu. "ICE" na namba zake, hiyo ni treni. "Gleis" ni reli, yaani jukwaa. "Wagen" ni behewa. "Platz" au "Sitzplatz" ni kiti. Chora mduara kwa kalamu nyekundu kwenye kila kimoja. Ukifika jukwaani utaona herufi kubwa zimening'inia juu, A, B, C na kuendelea. Ubao wa jukwaa huonyesha behewa gani litasimama kwenye herufi gani. Treni hizi ni ndefu kuliko unavyodhani, unaweza kutembea mamia ya mita na sanduku, kwa hiyo simama kwenye herufi yako kabla treni haijaja. Na usitafute jina la Leipzig peke yake juu ya ubao. Treni nyingi za njia hiyo huendelea mbele hadi Dresden, hivyo Dresden ndiyo huandikwa kwa maandishi makubwa, na Leipzig imo katika yale madogo ya chini. Mama mmoja aliiacha treni yake ikaondoka akiwa amesimama mlangoni, kisa aliona Dresden. Wewe linganisha namba.

Mlango wa behewa haujifungui kila mara. Una kitufe, bonyeza. Ingia, tafuta namba ya kiti chako, iko ukutani juu ya dirisha au kwenye ubavu wa kiti. Ukimkuta mtu amekikalia, muonyeshe tiketi, atanyanyuka bila maneno. Usione haya, na yeye haoni vibaya. Treni nyingi zikiingia stesheni kuu ya Frankfurt hutoka kwa upande uleule zilikoingilia, kwa hiyo utahisi unarudishwa ulikotoka. Huendi kiwanjani tena, tulia. Vituo vinatangazwa na kuandikwa kwenye kioo ndani ya behewa. Ukiona Erfurt, Leipzig iko mbele chini ya saa moja. Nenda msalani, vaa koti, teremsha begi.

Utasikia watu wakisifia treni za Kijerumani kwamba haziachi hata dakika. Zamani hizo. Mwaka 2024 treni za mbali zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5 tu, na wao hata uchelewaji wa dakika 5 hawauhesabu. Kwa hiyo ubao ukiandika "Verspätung", hilo ni neno la kuchelewa, usihangaike. Lililo baya zaidi ni "Gleiswechsel", jukwaa limebadilishwa. Hilo likitangazwa utaona watu wote wanabeba mizigo kwa pamoja. Hapo ndipo umuulize mtu. Na mkichelewa kufika kwa dakika 60 au zaidi, una haki ya kurudishiwa asilimia 25 ya nauli ya tiketi. Zikifika dakika 120, asilimia 50. Tunza tiketi umpe binti adai.

Saa nazo zina mtego. Desemba wao wako nyuma yetu kwa saa 2. Halafu tiketi huandikwa kwa saa 24, nasi tunahesabu kwa jua. Toa 6 utapata ya Kiswahili: 10:00 ni saa 4 asubuhi, 14:30 ni saa 8 na nusu mchana. Mtego wenyewe uko kwenye mazungumzo. Mjerumani akikuambia "halb drei", ambalo ukilivunja ni nusu na tatu, usidhani ni 3:30. Yeye anamaanisha nusu ya kuiendea saa tatu ya kwao, yaani 2:30. Nimeona watu wakikosa miadi ya daktari kwa neno hilo. Mtu akikutajia saa, mpe kalamu aiandike.

Ya nyumbani binti yako atakueleza, nami nitaje yale ambayo watoto husahau kwa sababu wameshayazoea. Jumapili maduka yamefungwa. Si baadhi, karibu yote, na sikukuu pia: tarehe 24 Desemba yanafunga mchana, tarehe 25 na 26 hayafunguliwi. Ukitaka kuwapikia Krismasi, nunueni kila kitu kabla. Maji ya bomba ni salama, kunywa bila kuchemsha. Ukinunua ya chupa tafuta neno "still", vinginevyo yatakutokea puani kama soda isiyo na sukari.

Na chupa usitupe! Utakuta wamezipanga jikoni ukadhani ni uchafu. Chupa nyingi za plastiki na makopo zina senti 25 ya amana uliyolipa dukani bila kujua. Kuna mashine dukani yenye tundu la duara. Unatia chupa ikiwa nzima, haijapondwa, inazungushwa ndani, inamezwa, namba inapanda kwenye kioo. Ukimaliza unabonyeza kitufe, inatoa karatasi, unaipeleka kwa mtunza fedha. Chupa 8 ni yuro 2. Mama zetu wengi huipenda kazi hiyo kuliko matembezi yote.

Tembea na sarafu, hata kama watoto wanalipa kila kitu kwa kadi. Choo cha stesheni hulipiwa, na kigari cha dukani hufunguka kwa sarafu ya yuro 1, ukikirudisha inakurudia. Kwenye tramu ya Leipzig, tiketi ya karatasi ukiinunua angalia kama inataka kugongwa kwenye kisanduku kidogo. Isiyogongwa ni sawa na hakuna, na faini ni yuro 60. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida na hawasikilizi kwamba wewe ni mgeni. Barabarani, njia iliyopakwa rangi nyekundu au kuchorwa baiskeli si ya waenda kwa miguu, na taa ya mtu mwekundu ikiwaka usivuke hata kama hakuna gari, hasa wakiwepo watoto.

Kama unatumia dawa za presha au sukari, beba za muda wote utakaokaa, zikiwa kwenye maboksi yake, na barua ya daktari yenye jina la kitaalamu la dawa. Bima ya visa hulipia dharura; kliniki yako ya kila mwezi haimo. Namba ya gari la wagonjwa na zimamoto ni 112, ya polisi 110.

Atakuja pia mkunga nyumbani, wanamwita "Hebamme". Humtembelea mzazi baada ya kujifungua, na bima ya mzazi ndiyo hulipa. Atasema mtoto alale chali, kwenye mfuko wake wa kulalia, bila blanketi na bila mto, na asipewe maji. Atafungua dirisha la chumba dakika chache katikati ya baridi kubadilisha hewa. Wewe umelea watoto wako, utasikia moyo unapanda. Nakuomba umwulize sababu, binti atafsiri, maana sababu anazo na atafurahi kuulizwa. Wewe nawe mwonyeshe unavyomkanda mzazi na unavyombeba mtoto mgongoni. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo, mkunga akaishia kuomba afundishwe kufunga kanga.

Nguo vaa za tabaka, nyembamba juu ya nyembamba, kwa sababu nje ni barafu na ndani ni joto. Viatu viwe na soli isiyoteleza. Desemba Leipzig kunapambazuka saa 2 asubuhi na giza linaingia saa 10 jioni, na upweke wa giza hilo huwapata wazazi wengi katika wiki ya pili. Toka nje kila siku mchana, hata robo saa. Na mji huo si mgeni kwa watu wa Kilimanjaro. Wamisionari wa Leipzig ndio walioanza kazi Machame mwaka 1893, na jumuiya yao bado ipo huko. Kanisa la Mtakatifu Thomas, alikofanya kazi mtunzi wa muziki Bach tangu 1723 hadi alipofariki 1750, liko katikati ya mji, na kaburi lake liko ndani. Ukipenda kwaya, waambie watoto wakupeleke.

Leipzig ni stesheni ya mwisho wa reli: reli zinaishia hapo, na wote wanaoshuka hutembea kuelekea mbele, kwenye ukumbi mmoja mrefu. Mkubaliane kabisa na mkwe akusubiri pale Gleis yako inapoishia, asiingie jukwaani wala wewe usihame.

Jambo la mwisho ni kikaratasi. Chukua kadi ngumu, andika kwa herufi kubwa maneno haya, na uivae shingoni ndani ya koti:

"Guten Tag. Ich spreche kein Deutsch. Ich muss nach Leipzig Hauptbahnhof. Können Sie mir bitte helfen?"

Maana yake ni: habari za mchana, sisemi Kijerumani, nakwenda stesheni kuu ya Leipzig, tafadhali naomba unisaidie. Nyuma yake andika namba ya treni, saa, behewa na kiti, na chini kabisa simu ya binti yako ikianza na +49. Ukikwama usisubiri. Mkaribie mtu yeyote, mnyooshee kadi, naye ataisoma.